Mikono Ikiuma Juu ya Baiskeli, Anza kwa Kutazama Kiti

Ukisimama Mamboleo, hapa Kisumu, asubuhi, pale barabara ya Kakamega inapomaliza mteremko wa Riat na kuelekea Kondele, utawaona waendesha baiskeli wengi wakifanya jambo lile lile. Wanaondoa mkono mmoja kwenye usukani, wanaukung'uta, wanafumba na kufumbua vidole mara kadhaa, kisha wanabadilisha mkono. Wauza maziwa wanaotoka upande wa Kiboswa hufanya hivyo, vijana wa shule hufanya hivyo, na hata wale wanaoendesha kwa mazoezi siku za Jumapili, wenye helmeti na baiskeli za bei, nao hufanya hivyo. Mimi hushuka mteremko huo kwenda kazini mjini na kuupanda jioni nikirudi nyumbani, na nimewahi kuishi na ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete kiasi cha kunifanya nitafute kwa bidii inatoka wapi. Niliyoyapata kwa mafundi, kwa wahudumu wa tiba ya viungo na kwa baiskeli yenyewe ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa kwa kirefu, kwa sababu ninaamini kwamba sehemu kubwa ya maumivu haya inazuilika, na kwamba mara nyingi chanzo chake hakimo mkononi hata kidogo.

Mkono ulio juu ya usukani una kazi mbili tu, kuongoza baiskeli na kufunga breki. Kubeba kiwiliwili si kazi yake. Uzito wa mwendeshaji unatakiwa kukaa juu ya kiti na juu ya pedeli, mgongo na tumbo vikishikilia sehemu ya juu ya mwili, na mikono ibakiwe na kiasi kidogo tu cha mzigo huo. Baiskeli isiyopangwa vizuri huvuruga mgawanyo huo bila mwenyewe kujua. Humsukuma mbele kidogo kidogo, naye hujizuia asiteleze kwa kuikaza mikono dhidi ya usukani kilomita baada ya kilomita. Kisha mtu huyo akienda dukani huuliza glavu nene na raba laini, wakati kinachomuumiza kiko chini ya makalio yake.

Ili kuona kwa nini uzito huo huleta ganzi, inafaa kujua kilichomo ndani ya kiganja. Mishipa miwili ya fahamu ndiyo inayohusika zaidi. Wa kwanza ni neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko, mahali ambapo ukijigonga mkono unashtuka mpaka kwenye kidole cha mwisho. Neva hiyo huteremka hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha huingia kiganjani kwa kupita katika njia nyembamba iliyo kati ya vifupa viwili. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Jean Casimir Félix Guyon, aliieleza njia hiyo mwaka 1861, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Bonyeza kwa kidole gumba pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole cha mwisho, nawe utagusa kifupa kidogo cha mviringo. Njia ya neva iko ubavuni mwa kifupa hicho, na hapo hapo ndipo wengi wetu tunapoegemeza uzito wote tunaposhika usukani ulionyooka. Neva ikibanwa kwa muda mrefu kati ya mfupa na chuma, damu inayoilisha hupungua na ujumbe unaopita ndani yake hukatika, kama maji yanavyokatika mpira wa bustani ukikanyagwa.

Mshipa wa pili ni neva ya midiani, inayopita katikati ya kifundo pamoja na kano 9 zinazokunja vidole, zote zikiwa zimefunikwa na utando mgumu usiotanuka. Hapo hatari kubwa ni pembe ya kifundo. Kifundo kikikunjwa kwenda nyuma, vidole vikielekea juu na kiganja kikisukuma mbele, shinikizo ndani ya njia hiyo huongezeka, nayo neva haina pa kukimbilia. Kwa hiyo vidole vyenyewe hukuambia kosa liko wapi. Ganzi ikiwa katika kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, tazama mahali unapoegemeza uzito wa kiganja. Ikiwa katika gumba, cha shahada na cha kati, tazama jinsi kifundo chako kilivyokunjwa. Ikiwa vidole vyote vinashiriki, kuna uwezekano mkubwa kwamba mambo yote mawili yapo, na kwamba kiti ndicho kinachoyaleta.

Kukakamaa kwa misuli ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huja pamoja na ganzi. Misuli mingi inayofumba vidole haiko kiganjani bali iko mkononi, chini ya kiwiko, na huvuta vidole kwa zile kano nilizozitaja. Misuli ikikazwa bila kuachiliwa, hujibana yenyewe na kuzuia damu isipite vizuri, huchoka, na mwishowe hukataa kulegea hata ukitaka. Ndiyo maana mtu hufika chini ya mteremko na kukuta vidole vimebaki vimejikunja kwenye mkono wa breki. Wako wanaosema kwamba dawa yake ni chumvi. Katika joto la Kisumu mchana, kunywa maji ya kutosha ni jambo la lazima, wala sibishani na hilo. Lakini mkono unaokakamaa saa kumi na mbili asubuhi, hewa ikiwa ya baridi na jasho halijatoka, haukakamai kwa kukosa chumvi. Umekakamaa kwa sababu umebana kitu kwa nguvu, kwa muda mrefu, pasipo kupumzika.

Aliyenifumbua macho kuhusu kiti ni fundi mmoja mzee mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Nilimwendea nikitaka raba mpya za usukani.

"Mzee, nataka zile laini kabisa," nilimwambia, "vidole vinakufa ganzi."

"Raba zipo, mama, lakini kwanza panda nikuone unavyokaa."

Aliibana gurudumu la mbele kwa magoti yake, nami nikapanda na kushika usukani kama kawaida. Alijaribu kupitisha vidole vyake viwili kati ya kiganja changu na raba, vikakataa kuingia. "Mikono hii imebeba, haijashika," alisema. Aliniomba nishuke, akachukua kipande cha ubao kilichonyooka na kukilaza juu ya kiti kutoka nyuma hadi kwenye pua, halafu akalaza juu ya ubao huo chupa ya soda yenye maji nusu. Maji yote yalikimbilia upande wa pua. Kwa macho yangu kiti kilikuwa kimenyooka, lakini chupa ilionyesha wazi kwamba kilikuwa kimeinama mbele. Alilegeza nati zilizo chini ya kiti, akaonyesha kwamba kishikizo chake kina meno madogo madogo, akakiinua jino moja, akapima tena kwa chupa, akaongeza jino jingine, kisha akakisukuma kiti nyuma kwa upana wa kidole kimoja. Alipokaza nati hizo alinirudishia baiskeli bila kuniuzia raba. Tofauti niliihisi kabla sijafika Kondele.

Wapo watakaoshangaa kusikia kwamba kiti kurudi nyuma hupunguza mzigo wa mikono, kwa maana inaonekana kana kwamba mtu atalazimika kujinyoosha zaidi kuufikia usukani. Ukweli ni kwamba makalio yakisogea nyuma ya pedeli, kiwiliwili kinachoinama mbele hupata kitu cha kukisawazisha, na miguu inayokanyaga pedeli husaidia kukiinua. Kiti kikiwa mbele mno, hakuna cha kusawazisha, na kila kitu humwagika juu ya viganja. Kuna jaribio ambalo ninawashauri watu wote walifanye, katika uwanja wa shule usio na wanafunzi au mahali pengine tambarare pasipo na magari. Endesha kwa nguvu ya kawaida, halafu, bila kubadilisha namna ulivyoinama, inua viganja kidogo tu juu ya usukani, vikiwa bado tayari kuushika. Ukiweza kubaki hivyo kwa muda mfupi, kiti chako kiko mahali pazuri. Ukianguka mbele papo hapo, mikono ndiyo iliyokuwa ikikushikilia.

Hata hivyo, sikushauri uinue pua ya kiti juu kupita kiasi kwa kudhani kwamba ukisukumwa nyuma mikono itapona zaidi. Kiti kilichoinuka mbele hubana mishipa iliyo katikati ya mapaja na kuleta ganzi mahali pabaya zaidi. Anza na kiti kilichonyooka sawasawa, endesha kwa siku kadhaa, kisha badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kwa kiasi kidogo. Ukibadilisha kiti, usukani na breki siku hiyo hiyo, hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

Baada ya kiti ndipo huja zamu ya usukani. Ukiwa chini sana kuliko kiti, au mbali sana, mwendeshaji hulala mbele na viwiko vyake hunyooka kabisa. Baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa hapa kwetu zina fremu ndefu kuliko miili ya wanunuzi, kwa sababu mtu hununua kilichopo sokoni, na akina mama ndio wanaoumia zaidi kwa hilo. Suluhisho si kukisogeza kiti mbele ili kuufikia usukani, kwa maana utakuwa umeondoa tatizo moja na kuleta lile kubwa zaidi. Suluhisho ni kuuleta usukani kwako, ama kwa kuuinua ama kwa kubadilisha shingo inayoushika na kuweka iliyo fupi zaidi. Katika baiskeli za zamani, pamoja na Black Mamba zetu, shingo hiyo inaweza kuinuliwa kwa urahisi. Unalegeza boliti iliyo juu yake mizunguko michache bila kuitoa, unaweka kipande cha mbao juu ya boliti na kuigonga kidogo kwa nyundo ili kabari iliyo ndani iachie, kisha unaipandisha shingo na kukaza tena. Ukifanya hivyo, tazama mstari uliochorwa kwenye chuma cha shingo. Mstari huo haupaswi kuonekana nje, kwa kuwa shingo iliyopandishwa kupita hapo inaweza kukatika au kung'oka ukiwa mteremkoni. Baiskeli mpya zenye shingo ya aina nyingine hazipandishwi kwa njia hiyo, na ni heri kumwachia fundi anayezijua.

Upana wa usukani nao una maana yake. Usukani mpana sana hufungua mikono nje na kukunja vifundo kuelekea ubavuni, na ule mwembamba hubana kifua. Upana unaokaribiana na mabega huwafaa watu wengi, ingawa kwenye njia za mawe mtu huhitaji kidogo zaidi ili aimudu baiskeli. Usukani wa Black Mamba, uliopinda kurudi nyuma kuelekea kwa mwendeshaji, una heri yake katika jambo hili, kwa kuwa huweka viganja katika hali inayofanana na ile ya mikono iliyoning'inia ubavuni. Wazee waliotembea na baiskeli hizo miaka mingi hawakuwa wajinga.

Sasa nifike kwenye breki, ambako nadhani uzembe ni mkubwa kuliko mahali pengine pote. Nimeona baiskeli nyingi ambazo mikono ya breki imefungwa ikiwa imelala sambamba na ardhi au hata imeinuka juu. Ili uifikie kwa vidole, unalazimika kukunja kifundo nyuma, nako huko ndiko kuibana neva ya midiani safari nzima. Kaa kitini, nyoosha vidole juu ya mikono ya breki, kisha mwombe mtu akutazame kutoka ubavuni. Mkono kuanzia kiwikoni hadi kwenye ncha za vidole unapaswa kuwa mstari mmoja ulionyooka. Usiponyooka, legeza skrubu ya kishikizo cha breki, uzungushe mkono wa breki chini mpaka mstari upatikane, ukaze. Ni kazi ya dakika chache, na haigharimu chochote isipokuwa kuazima spana.

Umbali wa mkono wa breki kutoka kwenye usukani ni jambo jingine linalosahauliwa. Mwenye vidole vifupi hulazimika kuvinyoosha mpaka mwisho ili kuufikia, na misuli iliyonyooshwa namna hiyo haina nguvu na huchoka upesi. Breki nyingi zinazotumia waya zina skrubu ndogo karibu na mahali mkono unapofungwa. Ukiikaza, mkono husogea karibu na vidole, lakini hakikisha kwamba breki inashika kabla mkono haujagusa usukani. Halafu kuna waya wenyewe. Waya ulioota kutu ndani ya ganda lake huhitaji nguvu maradufu, na nguvu hiyo hutoka kwenye misuli ya mkono wako. Mvua zetu za alasiri na vumbi la njia za ndani huuharibu waya haraka. Kuutoa, kuusafisha, kuupaka mafuta na kuurudisha, au kununua mpya, ni gharama ndogo ukilinganisha na mkono unaokakamaa kila asubuhi. Kwa baiskeli zenye breki za vyuma zisizotumia waya, maungio yote yatiwe mafuta na raba za breki zisogezwe karibu na rimu, ili usilazimike kuvuta sana kabla hazijashika. Angalia tu kwamba mafuta hayaigusi rimu wala raba zenyewe.

Raba za usukani na glavu nimeziacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ni nyongeza tu. Zinasaidia, lakini baada ya mambo mengine kuwekwa sawa. Raba iliyochakaa na kuwa ngumu na ya kuteleza humfanya mtu abane kwa nguvu zaidi, hivyo ibadilishwe. Raba nene mno kwa kiganja kidogo nayo huchosha, kwa sababu vidole haviwezi kuizunguka vizuri. Wengi hapa hufunga vipande vya tyubu kuukuu juu ya usukani, nami nauunga mkono utaratibu huo, mradi tabaka ziwe sawasawa na fundo lisikae chini ya kiganja. Glavu zenye pedi hupunguza shinikizo na mtikisiko, lakini pedi ya glavu isiwe donge linalokaa juu ya ile njia ya neva, wala glavu yenyewe isibane. Ukiivua na kukuta mistari mirefu kwenye ngozi, ni ndogo.

Upepo wa matairi nao huchangia. Tairi lililojazwa hadi kuwa gumu kabisa hurusha kila kokoto na kila ufa wa lami moja kwa moja mpaka viganjani. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango cha chini na cha juu cha upepo. Asiyebeba mzigo mzito hana sababu ya kukaa kwenye kile cha juu. Mwenye kubeba maziwa au mikate kwenye keria atahitaji upepo zaidi nyuma, lakini gurudumu la mbele linaweza kubaki laini kidogo, nalo ndilo linalotikisa mikono.

Mzigo wenyewe ukiwa mgongoni ni adui wa mikono. Mtu anayebeba mkoba wenye kompyuta, chakula na viatu vya kazini huongeza uzito sehemu ya juu ya mwili, na akiinama uzito huo huteremka hadi viganjani. Uhamishie kwenye keria, ukiufunga vizuri kwa kamba ya mpira. Nimewashauri wafanyakazi wenzangu jambo hili moja tu, bila kugusa kitu kingine chochote, na baadhi yao walipata nafuu waliyokuwa wakiitafuta.

Baiskeli ikishapangwa, namna ya kuendesha hubaki kuwa kazi ya mwenyewe. Viwiko vikunjwe kidogo, visinyooke na kujifunga, kwa sababu kiwiko kilichonyooka hupitisha kila mshtuko mpaka begani na shingoni. Mabega yashushwe mbali na masikio. Gumba lizunguke usukani kwa usalama, lakini vidole vingine vishike bila kukamua. Kila baada ya dakika chache sogeza viganja, sasa katikati zaidi, sasa pembeni, sasa uzito upande wa gumba, ili pasiwepo mahali pamoja panapobanwa muda wote. Wenye usukani ulionyooka wanaweza kufunga pembe fupi kwenye ncha zake, ambazo huwapa namna ya pili ya kushika, hasa wakati wa kupanda. Wakati wa kupanda Riat jioni nimegundua kwamba watu huuvuta usukani kana kwamba wanataka kuung'oa. Ukiteremsha gea mapema na kukanyaga kwa wepesi, haja hiyo ya kuvuta hupungua sana. Asiyekuwa na gea ashuke na kusukuma, wala pasiwe na aibu katika hilo.

Kushuka ndiko kunakojaribu mikono zaidi. Mtu hufunga breki kuanzia juu na kuzishikilia mpaka Mamboleo, misuli ikiwa imekazwa bila hata nukta ya kupumzika, rimu zikipata moto na raba zikilika. Ni afadhali kufunga kwa nguvu ya kutosha, kupunguza mwendo, kuachia kidogo, kisha kufunga tena, kwa breki zote mbili, huku macho yakitazama mbali ili usishtukizwe na matatu inayosimama. Mwendo wenyewe uwe mdogo tangu mwanzo wa mteremko, kwani baiskeli iliyokwisha kushika kasi huhitaji nguvu nyingi kuizuia. Na vidole vikianza kukaza, simama. Toka barabarani kabisa, nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama mbele, vuta vidole taratibu kwa mkono mwingine, kisha uvikunje na kuvifungua. Nusu dakika kwa kila mkono hutosha, na hakuna atakayechelewa kazini kwa ajili hiyo. Mkono usioweza kufunga breki katikati ya mteremko wenye malori ya miwa na mabasi ni hatari inayozidi maumivu yenyewe.

Mwili nao uandaliwe. Tumbo na mgongo dhaifu humwangusha mtu juu ya usukani hata kama kiti kimepangwa na fundi hodari. Kulala kifudifudi na kuinua kifua polepole, au kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili ukiwa umenyooka, ni mazoezi yanayofanyika sakafuni nyumbani bila kifaa chochote. Kwa mikono, kata ukanda mwembamba wa tyubu, uzungushe kwenye vidole vyote vitano na uvifungue dhidi ya mvuto wake, kwa sababu siku nzima tunafumba vidole na ni nadra kuvifungua kwa nguvu.

Kuna jambo ambalo linanihuzunisha. Wanaoumia zaidi mikono ni wale ambao baiskeli ndiyo inayowalisha, nao ndio huambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Kwenye mshipa wa fahamu hakuna mbivu za kungojea. Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kushuka ni onyo. Ganzi inayobaki hadi jioni, inayokuamsha usiku, au inayodumu siku kadhaa bila kupanda baiskeli ni ugonjwa unaotaka kutazamwa. Tena kuna madhara yasiyokuja na ganzi kabisa, kwa kuwa tawi moja la neva ya alna huhudumia misuli bila kuhisi ngozi. Shika karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, gumba likiwa limenyooka, kisha mtu mwingine aivute. Gumba likilazimika kujikunja ili kuizuia, au karatasi ikitoka kirahisi mkono mmoja kuliko mwingine, misuli inayohudumiwa na neva hiyo imedhoofika. Vivyo hivyo ukishindwa kutanua vidole, au ukiona nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, upande wa mgongo wa kiganja, imebonyea.

Mwenye dalili hizo aache kuendesha na aende hospitali, kwa mfano ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wa Kisumu huiita Russia. Aeleze wazi kwamba anaendesha baiskeli, umbali gani na kwa mzigo gani, maana bila kuelezwa hivyo daktari hana namna ya kuunganisha vidole na usukani. Aseme pia ikiwa ganzi iko kwenye miguu, kwa kuwa kisukari huleta ganzi ya namna hiyo, na ikiwa shingo inauma, kwa kuwa neva za mkono huanzia huko. Mjamzito naye ajue kwamba neva ya midiani hubanwa kwa urahisi zaidi wakati huo, hata kwa asiyepanda baiskeli.

Neva iliyobanwa kidogo hurudi katika hali yake kwa siku au wiki chache za kupumzishwa. Iliyoharibika nyuzi zake ndani huota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo umbali mfupi kutoka kifundoni hadi kwenye misuli ya kiganja unaweza kuchukua miezi. Katika muda huo mtu asilalie mkono wala kulala akiwa ameukunja kifundo, na kama atapewa kifaa cha kukinyoosha usiku, akivae kama alivyoelekezwa. Akiruhusiwa kurudi barabarani, aanze na njia tambarare kama ile ya Dunga, safari fupi, baiskeli ikiwa imekwisha kupimwa na fundi, na ganzi ikirudi ashuke na kukipima kiti upya kabla ya kuendelea na safari.